Kubeti kwa simu: turuhusu rasmi na huku kwetu Zanzibar?

Mpemba_Wete: Asalaam alaykum. Bara wana sheria ya michezo ya kubahatisha tangu 2003, kampuni zalipa kodi, chini ya miaka 18 marufuku. Hapa barazani wengine wasema na sie turuhusu, vijana washabeti zamani na pesa yavuka bahari bure. Mwaonaje?

Bi_Karafuu: Haramu haisafishwi na kodi. Mie mwanangu nlimpa pesa akalipe wachumaji, akaenda kuwekea mkeka (tiketi moja ya kubeti, zote sharti zishinde) wa timu saba, sita zikashinda ya saba ikafungwa dakika ya 90, wachumaji wakanikalia barazani hadi magharibi nikauza cherehani.

Kijana_Chake: Pole mama. Lakini si alibeti bila hiyo ruhusa? Marekani nako walizuia kubeti michezo karibu kote, watu wakabeti kichochoroni vilevile, 2018 Mahakama ya Juu ikaachia kila jimbo liamue.

Mwl_Hesabu: Usituletee Marekani bwana. Timu saba za nusu kwa nusu, nafasi yako ni 1 kati ya 128, hesabu ya skuli tu hiyo, halafu odi zenyewe (viwango vya malipo) kapanga mwenye duka la kubeti.

Mpemba_Wete: Bi Karafuu, cherehani ushapata nyengine?

Bi_Karafuu: Wapi, nashona kwa mkono.