Naomba ushauri: fundi ameshachukua asilimia 70, kazi haijafika nusu

Habari zenu wakuu. Nakarabati nyumba. Tulikubaliana na fundi malipo ya awamu nne, lakini kila wiki alikuwa anaomba hela ya vibarua, nami natoa. Sasa ameshapokea asilimia 70, na kilichokamilika ni plasta tu. Vigae, nyaya na mabomba bado kabisa. Makubaliano yalikuwa ya mdomo, ila kumbukumbu za miamala ninazo zote. Vifaa nimeanza kununua mwenyewe. Nimemwomba tupige hesabu upya, anasema nikisimamisha hela anaondoka.

Je, tuandikishiane mkataba kwa kazi iliyobaki, au nimwite fundi mwingine apime iliyofanyika kisha niachane naye? Na nishikilie asilimia ngapi hadi mwisho? Watoto wanalala sebuleni, inaniuma sana.