Kuuza mnauza gari zima, likiharibika mnaligawa vipande?

Wakuu, heshima kwenu. Leo nina hasira, mnivumilie.

Kazi yangu ni kupeleka wageni Ruaha na Kitulo. Nilinunua gari la dizeli la kulala ndani: paa la kunyanyuka, friji, jiko la gesi, na betri ya pili ya vitu vya ndani. Yadi ya hapa Mbeya iliniuzia likiwa kamili, risiti moja, waranti moja. Siwataji, wanajijua.

Asubuhi gari haliwaki. Friji ikikesha inafanya kazi, inamaliza mpaka betri ya kuwashia injini. Kati ya hizo betri kuna relei: injini ikiwaka inaziunganisha ili oltaneta ichaji zote mbili, ikizimwa inazitenganisha. Ikigandia, friji inakula kotekote. Siyo ugonjwa wa ajabu. Sasa lala Kitulo, mita kama 2,600 juu, baridi ya Julai imeshanyong'onyeza betri, halafu wageni kwenye makoti wanakutazama unavyohangaika kutafuta gari la kukubusti.

Napeleka yadi. Wanachomeka kompyuta, "Mzee, mashine haioni kosa." Itaonaje? Inasoma mfumo wa injini! Friji, relei na betri ya pili vilifungwa baadaye na waliotengeneza bodi, na kwenye hiyo kompyuta havimo. Ni kupima malaria kwa rula. Nikawaambia shikeni mita, zimeni injini, friji iwe inafanya kazi, pimeni betri zote mbili. Zikishuka pamoja si jibu hilo? Eti fundi wao hagusi "vitu vya nyongeza", niwaone watu wa bodi, Dar. Napiga Dar: umeme wa gari ni wa yadi, ila lete tuangalie. Zaidi ya kilomita 800, mafuta yangu, Kitonga nyuma ya malori, nifuate relei!

Paa nalo linavuja. Mvua za Desemba, ndiyo maua yanaanza Kitulo, godoro limelowa. Yadi wakapaka silikoni juu ya mpira ule ule uliokatika. Ikabanduka.

Kinachoniuma zaidi, fundi umeme mmoja kijana pale Mwanjelwa aliweka mita akaliona tatizo hapo hapo, na relei anayo. Lakini waranti inasema fundi wa nje akigusa waya, imekufa. Wenyewe hawatengenezi, anayeweza hawataki aguse.

Nikamwambia meneja: mimi sikununua bodi Dar, nilinunua gari kwako. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inambana muuzaji; wewe na mtengeneza bodi mtadaiana wenyewe. Akacheka. "Andika barua." Nimeandika, na nakala yangu imegongwa muhuri (baada ya kubishana na dada wa mapokezi, maskini, ambaye hahusiki kabisa).

Wakikaa kimya naenda Tume ya Ushindani, FCC. Aliyewahi kuwapelekea malalamiko ya gari akiwa huku mikoani, alianzia wapi, na walimtaka nyaraka gani? Wenye ushauri wa "liuze tu" pitieni kushoto, wageni wa Ruaha wameshalipa.