Aliyemjua kipunji kwanza aandikwe wapi?

Mtoa hoja: Kipunji, kima wa Mlima Rungwe kusini mwa Tanzania, alitangazwa kwa wanasayansi mwaka 2005. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja kwa jina hilo hilo kabla watafiti hawajamwona vizuri, Desemba 2003. Nasema aliyeonyesha njia awe mwandishi wa makala ya kisayansi, si kushukuriwa kwa mstari mmoja mwishoni. Pingeni.

Mkia Mrefu: Napinga. Habari ya mwindaji ni fununu mpaka ithibitishwe. Pale Rungwe watafiti walisita kwa sababu masimulizi yalichanganya wanyama halisi na wa mizimu. Hata walipomwona, walimweleza kwa picha tu, wakamweka jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) ya Lophocebus, ya kima waitwao mangabe. Mmoja aliponaswa katika mtego wa mkulima ndipo DNA ikaonyesha yuko karibu zaidi na nyani, na 2006 akapewa jenasi yake, Rungwecebus.

Mtoa hoja: Umenisaidia! Bila mtego wa mkulima, jenasi ingekuwa ile ile yenye makosa.

Bi Maabara: Fununu huharibiwa na muulizaji. Ukianza kwa kuonyesha picha, utajibiwa "ndiyo, yupo" kwa adabu tu. Uliza kwanza: analiaje, anakula nini, analala mti gani? Waulize mmoja mmoja, si kikundi mbele ya mwenyekiti. Picha zije mwisho, zikichanganywa na za wanyama wasioishi Afrika; anayewatambua wote, majibu yake yaweke kando. Mzoga ukipatikana, kata msuli wa ukubwa wa punje ya mahindi, utie kwenye ethanoli (alkoholi ya maabara) ya asilimia 95, uibadilishe kesho yake kwa kuwa maji ya nyama huizimua. Formalini, dawa ya kuhifadhia mizoga, usiiguse, huharibu DNA. Lebo iandikwe kwa penseli. Wino wa kalamu huyeyuka na sampuli hubaki yatima. Kwenye lebo andika na jina la kienyeji, na lugha yake.

Mkia Mrefu: Sawa, lakini kunasa mnyamapori bila kibali ni kosa. Mkiandika jina la mkulima kwenye makala, mmempeleka mahakamani na ushahidi mkononi.

Bi Maabara: Hilo ni zito. Basi makubaliano yaandikwe na serikali ya kijiji kabla ya kuingia msituni: nani atajwe, nani afichwe, ramani ioneshe kwa ukaribu gani, sampuli ikae nchi gani. Na rasimu isomwe kijijini kwa Kiswahili.

Mtoa hoja: Na kijiji kikikataa kutangaza?

Mkia Mrefu: Hapo ndipo tutajua nani alikuwa anamaanisha.