Grupu limejaa ila kikaoni wanakuja walewale, tunakwama wapi?

Kijana wa Tandahimba
Habari zenu wakuu. Kijijini kwetu huku Tandahimba tumefungua grupu la WhatsApp, lengo wakulima tuwe kitu kimoja kabla minada ya korosho haijaanza, tudai tusomewe mjengeko wa bei wote, kila kato linaenda wapi na nani alilipitisha, maana mtu anasikia bei ya mnada redioni halafu inayoingia kwenye akaunti ni nyingine kabisa. Kwenye grupu maneno mengi, voisi mpaka usiku, ila tukiita kikao hawatokei. Na wazee wanasema tumetumwa na chama cha siasa. Mliowahi kufanya harakati naombeni mawazo.

Mzawa wa Mikindani
Mdogo wangu, kwenye sakata la gesi hapa Mtwara mwaka 2012 wengi wetu tulikuwa na vitochi tu, hiyo WhatsApp tungeitolea wapi, na bado maandamano ya Desemba 27 yalijaza mji. Habari ilipita kwa meseji, vipeperushi, vijiwe vya kahawa, bodaboda, sokoni, na vyama vya upinzani vilishirikiana hivyo hata wa CCM alijiona yumo, suala lilikuwa kupinga gesi ya Mnazi Bay isipelekwe Dar kwa bomba. Kwa hiyo hao wazee wasikilizeni, akionekana mtu na fulana ya chama kwenye kikao chenu mmekwisha. Ila na haya niseme, Mei 2013 siku ya bajeti ya Wizara ya Nishati na Madini mambo yaliharibika, nyumba zilichomwa, watu walikufa, jeshi likaletwa. Hasira ilikuwa nyingi kuliko mpangilio, hapakuwa na wa kuwaambia vijana basi turudi nyumbani wakamsikia. Wekeni watu hao mapema.

Mama Korosho, Nachingwea
Mnaita kikao saa ngapi? Kipindi cha kupuliza salfa, dawa ya mikorosho, watu wanatoka alfajiri, jioni wamechoka. Halafu kwenye hilo grupu akina mama wako wangapi, mashamba wanapalilia wao na kuokota wanaokota wao, ila simu kubwa anayo baba na bando likiisha ndo basi. Nendeni kwenye vikoba siku ya kuweka hisa, ombeni dakika chache, ongeeni. Sisi huku tuligawana nyumba, kila mmoja na majirani zake, unabisha hodi unamwita mtu kwa jina, akikuahidi mlangoni kwake anaona aibu kutokuja. Tangazo la grupuni kila mtu anajua ni la wenzake.

Msaidizi wa Sheria Lindi
Naongezea. Mkutano mkuu wa kijiji ni wa kila mkazi wa miaka 18 na kuendelea na unatakiwa kufanyika kila miezi mitatu, mapato na matumizi yasomwe pale, sio hisani ya mwenyekiti. Makato ya AMCOS, yaani chama cha msingi cha ushirika, yenyewe yapelekeni mkutano wa wanachama, asiye mwanachama hapigi kura huko. Mkitaka kuandamana polisi wapewe taarifa ya maandishi saa 48 kabla. Na admini awe makini sana, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inamgusa anayesambaza uongo, takwimu isiyo na karatasi msiirushe.

Kijana wa Tandahimba
Asanteni sana, dada wa Nachingwea umenigusa, grupuni wanawake hata kumi hawafiki na hatukuwahi kujiuliza. Sasa kama mwenyekiti hataki kuitisha mkutano?

Msaidizi wa Sheria Lindi
Andikeni barua, sainini wengi wake kwa waume, nakala kwa mtendaji wa kata na kwa mkurugenzi wa halmashauri, yenu igongwe muhuri wa kupokelewa. Picha ya ile yenye muhuri ndiyo mrushe grupuni, na mkutano ukifanyika mwenzenu mmoja aandike kila kinachosemwa.

Mzawa wa Mikindani
Na barua isisainiwe na vijana peke yenu, waanze wazee wa korosho wenye mikorosho ya zamani, hao hakuna wa kuwaambia wametumwa.