Kufunga mwamba wa pweza kwa miezi mitatu

Swali: Kijijini kwetu Pemba tunajadili kufunga mwamba, yaani kuzuia uvuvi hapo, kwa miezi mitatu ili pweza wakue. Je, akina mama wanaochokoa pweza wakati wa bamvua, maji yanapokupwa sana, watakula nini?

Jibu la kwanza: Ndugu yangu, msifunge mwamba wote. Andavadoaka, Madagaska, walianza mwaka 2004 kwa kufunga sehemu tu, na kwa kuwa pweza hukua upesi mno, walipofungua walivua wakubwa zaidi. Kumbukeni pia kwamba jike hutaga mara moja tu, huyalinda mayai hadi yaanguliwe, kisha hufa.

Jibu la pili: Naafiki, ila nahofia siku ya kufungua, kwani wageni wakimiminika, wenyeji waliolinda hubaki mikono mitupu. Akina mama wawemo kwenye kamati.