Waliotumwa Philadelphia 1787: walirekebisha au walipindua?

Wakuu, hili naomba tulijadili kwa hoja. Kila ikitajwa katiba ya Marekani hakosekani mtu wa kusema imedumu kwa sababu wenzetu walifuata utaratibu tangu siku ya kwanza. Mimi nakataa kabisa.

Majimbo yale 13 yalikuwa tayari na mkataba wao wa shirikisho tangu 1781 na ulisema wazi haubadilishwi mpaka Bunge likubali na mabunge ya majimbo YOTE yaridhie. Sawa, ulikuwa mbovu, hilo sibishi, serikali kuu haikuwa na meno hata ya kutoza kodi, walipotaka ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa za nje Rhode Island ikagoma na mpango ukafa. Halafu wakulima wa Massachusetts waliobanwa na madeni wakashika silaha pamoja na Daniel Shays, wenye mali wakaingiwa hofu. Ndo Februari 1787 Bunge likaruhusu mkutano wa Philadelphia kwa kazi moja tu, kuurekebisha mkataba.

Sasa angalia walichofanya. Walinzi mlangoni, madirisha yamefungwa na joto lote lile la kiangazi, na marufuku kutoa nje lolote linalosemwa ndani (kumbukumbu za James Madison, mjumbe aliyekuwa akiandika yanayosemwa, zimekuja kuchapishwa 1840, mwenyewe keshafariki). Yates na Lansing, wajumbe wa New York, walipoona mambo yanakoelekea wakaondoka Julai, wakamwandikia gavana wao kwamba hawakutumwa kwa kazi hiyo. Septemba 17 waliobaki wakatoka na katiba mpya nzima, na ibara ya 7 inasema yakiridhia majimbo 9 inatosha. Tisa! Wakati sheria iliyokuwa hai inataka 13. Utaratibu uko wapi hapo?

Najua mtasema wananchi waliiridhia kupitia mikutano ya majimbo kwa hiyo kosa likafutika. Hiyo ndo hoja yenu nzito kuliko zote, ila wananchi gani? Watumwa karibu laki 7 kwa sensa ya 1790, kura hawana, lakini walihesabiwa sehemu 3 kati ya 5 ili mabwana zao wapate viti zaidi bungeni. Wanawake karibu wote nje. Rhode Island peke yake ndo ilipeleka suala kwa wapiga kura moja kwa moja, Machi 1788, ikakataliwa vibaya sana, ingawa ni kweli waunga mkono wengi walisusia. Ikaja kuridhia Mei 1790 kwa kura 34 dhidi ya 32, Seneti ikiwa imeshapitisha muswada wa kuwakatia biashara!

Na uhuru wa kusema na wa dini ambao watu wanausifia haukuwemo Philadelphia. George Mason, mjumbe wa Virginia, aligoma kusaini na hiyo ikiwa moja ya sababu zake, Patrick Henry akaipinga katiba kwenye mkutano wa kuridhia wa Virginia, na ni presha ya wapinzani kama hao iliyoleta yale marekebisho 10 mwaka 1791. Hawa ndo wanaostahili sifa tunazowapa wale 39 waliosaini.

Anayeamini 9 badala ya 13 ilikuwa halali kisheria, sisemi kisiasa, aje na kifungu.