Mazao ya nishati au makaa ya mawe: kipi kinafaa zaidi kugeuzwa kuwa gesi kwa mvuke?

Fundi_Boila: Wenzangu, naomba tulinganishe nyasi zinazolimwa kwa ajili ya nishati, kama mabingobingo, na makaa ya mawe, tukichukulia tanuri la mvuke lenye joto la nyuzi 850 hivi. Kwa kilo moja kavu makaa magumu yanashinda: yana kaboni ya asilimia 70 hadi 85, ilhali nyasi zina 45 hadi 50, na sehemu kubwa ya haidrojeni tunayoitafuta hupatikana kaboni inapounyang'anya mvuke oksijeni yake. Je, ipo sababu ya kuhangaika na nyasi?

Mkemia_Moro: Ipo, nayo ni kasi. Mmea mkavu ukipashwa moto, takribani asilimia 70 hadi 80 ya uzito wake hutoka kama gesi na lami, na mkaa kidogo unaobaki una vinyweleo vingi pamoja na potasiamu, ambayo ni kichocheo, hivyo mvuke huumaliza upesi. Makaa magumu huacha mkaa mwingi ulio mzito kuungana na mvuke. Kule Güssing, Austria, mtambo wa megawati 8 ulikuwa ukiunguza mkaa uliobaki katika chumba cha pili, na mchanga uliopata moto humo ukarudi kulipasha tanuri, bila kuhitaji oksijeni safi. Katika kiwanda cha Secunda, Afrika Kusini, makaa hupulizwa mvuke pamoja na oksijeni, ambayo sharti kwanza itenganishwe na hewa kwa gharama kubwa.

Bi_Mitambo: Ndugu Mkemia, Güssing walitumia vipande vya miti, si nyasi, na hapo ndipo penye kazi. Nyasi zina silika nyingi, yaani madini yale yale ya mchanga, nayo ikikutana na potasiamu huweza kuyeyuka hata chini ya nyuzi 900. Mchanga hushikana mabonge, mvuke haupenyi, na mtambo huzimwa ili mafundi waingie na mitaimbo. Majivu ya makaa mengi hustahimili zaidi ya nyuzi 1,100. Makaa nayo yana salfa, ambayo huharibu vichocheo vya nikeli, ingawa kusafisha salfa ni kazi ambayo viwanda vimeizoea siku nyingi. Lami ya nyasi inayoganda mabombani ndiyo inayonikera zaidi.

Fundi_Boila: Na tukichanganya?

Mkemia_Moro: Mabonge hupungua, lakini udongo wa mfinyanzi uliomo katika majivu ya makaa huishika potasiamu, kwa hiyo ile kasi niliyoisifu hupungua pia.

Bi_Mitambo: Wakulima wa miskanthasi, nyasi ndefu ya nishati, huko Ulaya huiacha shambani hadi mwisho wa baridi, mvua zikaosha sehemu ya potasiamu na mabua yakakauka. Mabingobingo yakikatwa mabichi, robo tatu au zaidi ya uzito ni maji, na kuyakausha kunakula faida yote. Ndugu Fundi, ukiamua kuchanganya, pima joto la kuyeyuka la majivu ya mchanganyiko wenyewe, kwa kuwa vipimo vya kila kimoja peke yake havitakuonyesha mabonge hayo.